Do Iliyoshuka

Babu Focko alilinganisha sauti za vinanda vya kanisa
miaka arobaini na mmoja,
akiingia tumboni mwa kinanda, tochi mdomoni,
hadi kwenye filimbi ndogo kuliko zote,
fupi kama kidole cha mtoto,
akiigonga, akiigonga, mpaka do ya juu kabisa inyooke.

Kisha sikio likamwacha. Si lote. Lilianzia juu,
kama paa linalovuja.

Ndipo akalichukua pipa la mvua.
Akalizungushia waya wa shaba kilo kumi na nne,
mizunguko elfu moja na mia mbili.
Mimi nilihesabu. Nilipotea kwenye mia saba, tukaanza upya.
Bibi Hilke alisimama mlangoni mwa banda:
"Na kabichi zangu zitakunywa nini?"

Hezi elfu nane, mia mbili na sabini.
Chini kiasi hicho serikali haina habari nawe.
Wimbi moja, alisema, lina kilomita thelathini na sita:
kichwa kikiwa hapa kwetu Esens,
mkia uko Wilhelmshaven, bado unafunga viatu.
Kwa wimbi kama hilo sisi tulikuwa na kishada
na mita tisini za waya juu ya malisho.
Wati mia tatu ziliingia pipani.
Zilizotoka hewani zisingemwamsha nzi.

Alipowasha mara ya kwanza niliziba masikio.
"Nini?"
"Pipa linapiga filimbi, Babu."
Alinitazama, akalitazama pipa.
Akauliza polepole, kama anayeuliza habari za mgonjwa:
"Imenyooka?"
"Imeshuka. Kidogo tu."
Senti ishirini na moja chini ya do. Kwa hesabu alijua.
Alitaka kuambiwa.

Basi nikawa sikio lake, nikiwa na miaka tisa,
kwa senti hamsini za kununulia peremende.
Ukungu ukilowesha waya, mlio unakonda;
napiga kelele, naye anasogeza koili ya ndani
unene wa ukucha.

Huko Smøla, Norwei, Oddmund Risvik
alikuwa amelaza waya wake kwenye kinamasi,
mbali na nguzo za umeme.
Chini kule dunia haina adabu:
radi za Kongo, radi za Brazili
zinapasuka usiku kucha kama samaki kikaangoni.
Ili nukta moja isikike
lazima uishikilie saa moja na nusu bila kutikisika,
naye aikusanye punje kwa punje.
Haba na haba, sawa,
lakini kibaba hiki kina tundu.

Usiku wa Oktoba alituma herufi moja. H. Nukta nne.
Hakusema ni ya nani. Bibi hakuuliza,
ila alimfukuza kitandani saa tano:
"Saa yako ya setilaiti itakesha, wewe lala."
Dirisha langu lilitazama banda.
Kazi yangu ilikuwa kusikiliza,
na mlio ukikatika, nimwamshe.

Asubuhi kishada kilikuwa mtaroni,
kondoo wakikizunguka kama ajali ya baiskeli.
"Kimeanguka alfajiri," Babu alisema,
akiukunja waya kiwikoni.
"Kingeanguka mapema, Swantje angeniamsha."

Kadi ya Oddmund ilichukua siku sita:
*Nimekupata! Nukta tatu, safi. S.*

Bibi alicheka hadi akakaa.
Babu alinisukumia kadi mezani: "Basi ni yako."
Wageni wakija aliwaeleza,
huku akinyoosha kidole kusini,
kwamba nukta ya nne imeliwa na radi ya Kongo.
Aliieleza hadi hospitalini Aurich,
kwa muuguzi aliyekuwa akimpima homa.

Pipa linakinga mvua tena.
Kadi ninayo.

Nililala, Babu.
Saa nane ilipofika pipa halikuanza,
na nyumba nzima hapakuwa na mwingine
wa kuusikia ukimya ule.